Mkaguzi wa Barabara na Watu Wake wa Vigae

Chandigarh ni mji wa namba. Ukitoka stesheni ya treni, dereva wa bajaji hakuulizi jina la mtaa, anauliza sekta. Sekta 17 ndiko madukani, Sekta 1 ndiko serikalini, na Sekta 13 waliopanga mji waliiruka. Barabara ni pana na zimenyooka, miti imepandwa kwa mistari, hata pa kupumzikia pamepimwa. Mpwa wangu anasoma ufamasia katika chuo kimoja cha huko Punjab. Alinipokea stesheni, akachukua begi langu, akaniambia, “Shangazi, huku hupotei hata ukitaka.”

Mji wenyewe ulizaliwa na jeraha. India ilipogawanywa mwaka 1947, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili, na Lahore, makao makuu yake ya tangu zamani, ikaangukia Pakistan. Punjab ya upande wa India ikabaki bila makao makuu. Waziri Mkuu Nehru akataka mji mpya kabisa, na mwaka 1951 kazi ya kuupanga ikakabidhiwa Le Corbusier, msanifu majengo aliyekuwa na jina kubwa Ulaya, akifanya kazi pamoja na binamu yake Pierre Jeanneret na Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew. Majengo ya serikali waliyoyasimamisha, ya zege tupu, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2016, na wapenzi wa usanifu huja kutoka mbali kuyapiga picha. Ni kazi kubwa, sina ubishi. Ila mahali penyewe palikuwa na wenyewe. Vijiji zaidi ya 20 viliondolewa kuupisha mji. Nyumba zikabomolewa, watu wakahama na walichoweza kubeba, na vilivyovunjika vikabaki kwenye kifusi.

Kifusi hicho ndicho kilichonitoa Dar es Salaam.

Kazi yangu ni kutengeneza masanamu na picha za ukutani kwa vigae vilivyovunjika. Malighafi naipata nyuma ya maduka ya marumaru: boksi lililodondoka kwenye lori, vipande vilivyobaki baada ya fundi kukata kona za bafu, sahani zilizosafiri na meli zikafika zimepasuka. Kwa miaka mingi nilikuwa na picha za bustani ya Nek Chand, aliyejenga masanamu kwa kifusi kile, nimezikata kwenye majarida na kuzibandika ukuta wa karakana. Picha zinaonyesha wingi tu, masanamu safu kwa safu. Mimi nilitaka kuona kiungio, pale kigae kinapokutana na saruji.

Bustani inaitwa Rock Garden, nayo iko Sekta 1, jirani na Mahakama Kuu na karibu na ziwa la Sukhna. Kiingilio ni rupia chache. Mlango wa kwanza ni mfupi kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame, na mbele yake kuna mwingine, na mwingine. Baada ya mji ule ulionyooka, hapa huoni hatua kumi mbele. Njia inapinda, inabana, inapanda, inakutoa kwenye ua mdogo wenye mawe, halafu inakumeza tena. Mpwa wangu alikwishakuja na wenzake wa darasani, akataka kunitangulia hadi kwenye maporomoko ya maji na bembea. Nikamwomba twende polepole.

Nek Chand Saini alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji ambacho leo kiko Pakistan. Mgawanyo wa 1947 ulimng'oa na familia yake, wakavuka kuja India kama wakimbizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipata ajira Chandigarh, mkaguzi wa barabara katika idara ya ujenzi. Mchana alisimamia mji mpya ukijengwa. Saa za kazi zikiisha alipanda baiskeli, akaenda kwenye kingo za mito inayoshuka kutoka vilima vya Shivalik kuokota mawe ambayo maji yalikuwa yameyachonga yakafanana na watu, ndege na wanyama. Aliyaficha msituni kaskazini mwa mji, kwenye ardhi iliyotengwa na serikali isijengwe chochote. Hakuwa na kibali. Alifyeka mwenyewe, akajijengea kibanda, akaanza kurundika.

Baadaye akaongeza takataka za mji na za vile vijiji vilivyobomolewa. Vyombo vya udongo, sahani na vikombe vya chai, bangili za kioo, vigae vya bafu, masinki na vyoo vilivyopasuka, vile vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya kwenye nguzo za umeme, mapipa ya lami, fremu za baiskeli, tofali zilizoungua kupita kiasi tanurini mpaka zikayeyuka na kugeuka vinyago. Alikusanya kwa miaka kabla ya kuanza kujenga masanamu. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko popote. Wengi tunaookota huwa na haraka: ukipata kapu moja la vigae vya bluu, jioni hiyohiyo unataka kitu kimalizike. Yeye alingoja mpaka akawa na bluu ya kutosha jeshi zima.

Mawe yako sehemu ya kwanza ya bustani. Hapo hakuna alichochonga, ameyasimamisha tu na kuyapa mahali, na ukiyatazama kwa utulivu unaanza kuona mfalme na watu wa baraza lake. Sehemu ya pili ndiyo niliyoifuata. Ua mmoja hufunguka kwenye mwingine, na kila ua una kabila lake. Wanaume wa vigae vyeupe. Wanawake wa bangili. Nyani wa kauri. Wapiga ngoma, wabeba mitungi, watoto, ng'ombe, tausi, wote wamepangwa kwenye ngazi za mteremko wakitazama upande mmoja, kama watu waliowahi mapema kwenye harusi wakimngoja bwana.

Niliinama mbele ya mwanamke mmoja wa safu ya mbele, urefu wake unafika kiunoni mwangu. Uso ni saruji laini iliyosuguliwa, macho ni vipande viwili vidogo vya kauri nyeupe. Kuanzia shingoni kwenda chini amevaa sahani. Vipande vingi ni vyeupe, lakini begani kimoja kina nusu ya ua la waridi, na pembeni ya nyonga upo mstari wa bluu uliozunguka ukingo wa sahani moja. Aliuvunja vipande vinne, akaupanga tena ufuatane, ukawa pindo la nguo. Chini ya mkono wa kushoto kipo kipande kimechomekwa kinyumenyume, unaona duara la kitako cha bakuli na herufi mbili za muhuri wa kiwanda. Mtu alikula wali kwenye bakuli hilo. Likavunjika, likatupwa, na sasa ni kwapa la mwanamke anayetazama watalii.

Kwa fundi, kitako hicho ni jambo la msingi. Sahani ya kauri ina gilasi, ile ngozi laini inayong'aa, pande zote mbili, na gilasi haishikani na saruji. Ukikibandika kipande juu juu, jua na mvua vikipokezana misimu miwili kinadondoka chenyewe. Panaposhika ni kwenye ukingo uliovunjika, ambako udongo mkavu uko wazi, na kwenye lile tuta la kitako. Kwa hiyo kipande lazima kizame, saruji ikikumbatie pembeni, na kizamishwe wakati niru, ule uji mzito wa saruji, ingali mbichi lakini imeshaanza kukaza. Ikiwa laini mno kigae kinateleza na kushuka; ikikaza, hakiingii. Muda wa kufanya kazi ni mfupi, na kwenye joto la Punjab la mwezi wa tano unazidi kuwa mfupi. Nilipitisha kidole mgongoni mwa mwanamke yule. Hakuna kipande kilichokaa juu. Vyote vimeingia, na saruji imepanda kwenye kingo kwa upana uleule, mstari mwembamba wa kijivu usiozidi unene wa karatasi ngumu. Aliyefanya hivyo hakuwa akijifurahisha na taka. Alikuwa fundi aliyejua kazi yake.

Ndani ya mwili mna kiunzi. Mara nyingi ni vyuma chakavu, na kwenye masanamu mengine ni fremu ya baiskeli: uma wa mbele unakuwa miguu, kiti kinakuwa kichwa cha mnyama. Juu ya chuma inakuja saruji na mchanga, kisha niru safi, kisha ngozi ya kauri au bangili. Bangili zina shida yake. Ni duara nyembamba za kioo, ukizibonyeza bapa zinavunjika zaidi. Alizichomeka kwa wima zimebanana, mamia kwa mamia, hivyo anayetazama anaona kingo tu, nyekundu, kijani na dhahabu, na jua linapopita ndani ya kioo, sketi yote inawaka. Nimejaribu jambo hilo karakana kwangu kwa chupa za soda na najua subira inayotakiwa.

Kuna sababu nyingine ya kauri kudumu hapa. Rangi ya gilasi imechomwa tanurini pamoja na udongo, jua haliipaushi. Sanamu zilizopakwa rangi za mafuta zingekuwa zimefubaa zamani. Sahani za miaka ya 1960 bado ni nyeupe kama siku zilipotoka dukani, na ua la waridi begani mwa mwanamke wangu lina rangi yake ileile.

Watu wa pwani yetu walilijua hilo zamani. Makaburi ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani za kauri zilizopachikwa kwenye chokaa, na nguzo ya kaburi la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ina mabakuli ya Kichina. Wazee wale walitumia vyombo vizima, vya thamani, kwa heshima ya marehemu. Nek Chand alitumia vilivyokwisha kutupwa. Tofauti ni kubwa. Lakini kiungio ni kilekile, kauri ngumu iliyofungwa ndani ya kitu kilichopakwa kikiwa laini. Kwetu vyombo vingi vimeng'olewa na wezi na wakusanyaji, yakabaki mashimo ya duara. Nilipokuwa nikitembea katika nyua zile, nilikuwa nikiyafikiria mashimo hayo.

Siri ya msituni ilidumu miaka mingi. Husimuliwa kwamba Nek Chand alikuwa akifanya kazi usiku kwa mwanga wa matairi yaliyochomwa. Katika miaka ya 1970 wakubwa wa mji walipoigundua, bustani ilikuwa imeshafika ekari 12 hivi, nyua zimeungana, masanamu mamia. Kisheria ilipaswa kubomolewa. Wananchi wakaanza kumiminika kutazama, na serikali ya mji, kwa bahati, ikasikiliza. Mwaka 1976 bustani ilifunguliwa rasmi. Nek Chand akaondolewa kwenye ukaguzi wa barabara, akapewa cheo na mshahara wa kuendeleza bustani yake, na vibarua 50 wa kumsaidia. Mwaka 1984 taifa likampa nishani ya Padma Shri. Vituo vya kukusanyia taka vikawekwa mjini, na mtu aliyevunja sahani akawa na pa kuipeleka.

Nje ya India kazi zake nyingi zaidi ziko Sheboygan, Wisconsin, katika kituo cha sanaa cha John Michael Kohler. Jina hilo la Kohler mafundi bomba wa huko wanalisoma kila siku kwenye masinki na vyoo, maana kiwanda cha familia hiyo ndicho kinachovitengeneza, na tangu mwaka 1974 kituo kimekuwa kikiwapeleka wasanii kufinyanga ndani ya kiwanda. Nimefurahi kwamba watu wa Nek Chand, wenye vipande vya masinki mwilini, wamepata makao kwa watengeneza masinki.

Chandigarh kwenyewe mambo hayakuwa shwari siku zote. Karibu na mwaka 1990 tingatinga zilifika kupitisha barabara ndani ya bustani, na wakazi wakasimama mbele yake. Mwaka 1996, Nek Chand akiwa ziarani Marekani, masanamu yakavunjwavunjwa, na ndipo wapenzi wa kazi yake walipoanzisha wakfu wenye jina lake huko Uingereza, ambao umepeleka watu wa kujitolea kukarabati. Alifariki Juni 2015 akiwa na miaka 90. Na Februari 2025 sehemu ya ukuta wa bustani ilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara na maegesho ya Mahakama Kuu. Wakazi walijitokeza kupinga, wengi wao vijana ambao wazazi wao waliwaleta hapa utotoni. Mpwa wangu alinionyesha video kwenye simu yake. Mji uliobomoa vijiji ili ujengwe ulikuwa unabomoa tena, na safari hii kilichobomolewa ni kile kilichookotwa kwenye ubomoaji wa kwanza. Sikuweza kuitazama mpaka mwisho.

Katika ua mmoja wa nyuma tulimkuta mzee akikarabati. Amekaa kwenye kigoda, mbele yake mbuzi wa kauri aliyepasuka ubavu, pembeni mabeseni matatu: vipande vyeupe, vya rangi, na vile vyenye ukingo wa sahani. Mpwa wangu alimsalimu kwa Kihindi, akamweleza kwamba shangazi yake anafanya kazi hii Afrika. Mzee akanitazama mikono kwanza. Kisha akanisogezea kigoda kingine.

“Didi, sikiliza,” akasema, akiniita dada, akamgonga mbuzi kwa kifundo cha kidole. Mgongoni mlio ni mzito. Akagonga ubavuni: mlio mtupu. Maana yake saruji imeachana na chuma. Maji yameingia kwenye ufa, chuma kimepata kutu, na kutu inavimba kuliko chuma kilichokuwepo, inasukuma saruji kutoka ndani mpaka inapasuka. Baiskeli iliyompa mbuzi miguu ndiyo inayomuua. Nikamuuliza kama wanaweza kubadilisha kiunzi. Akasema inawezekana pale tu unapokubali kumvunja mbuzi mzima, na yeye hapendi. Kwanza hujaribu kufungua ubavu, kusugua kutu kwa brashi ya waya, kupaka saruji nzito na kuziba kabla ya mvua za masika yao, mwezi wa saba.

Vigae vilivyotoka ubavuni alikuwa ameviosha, ameviweka kwenye gunia kwa mpangilio ule vilivyokuwa, kila kimoja na jirani yake. Nilimwomba aniruhusu nichomeke vitatu. Aliniangalia nikiviloweka, akaitikia kwa kichwa. Nilipotaka kubonyeza cha kwanza akanishika kiganja, akanionyesha nigeuze kidogo. Kipande kilikuwa na upande uliokatika wima na upande uliokatika mshazari. Mshazari uelekee chini, ili saruji ipande juu yake na kukifunga. Miaka yote hii nimekuwa nikichagua upande kwa rangi. Mzee anachagua kwa mpasuko, rangi inafuata.

Nilimuuliza pia vigae vya kukarabatia vinatoka wapi siku hizi. Akacheka kidogo, akaonyesha beseni la rangi lililokuwa robo tu. Watu wanakula kwenye melamini na plastiki. Bangili nyingi nazo ni plastiki, na plastiki haichomekwi, inapauka na kujikunja. Kauri nzuri inapatikana hotelini na kwenye nyumba za wazee wanaohama. Vile vikombe vya nguzo za umeme bado wanavyo vya akiba. Tuliongea kuhusu vigae mpaka mpwa wangu akachoka kutafsiri, tukabaki tunaonyeshana kwa vidole, na kwa kweli hatukupungukiwa sana.

Ukienda, nenda kati ya Oktoba na Machi, joto likiwa limepungua. Treni za haraka kutoka Delhi zinachukua kama saa tatu na nusu. Watu wengi hukimbilia sehemu ya tatu, kwenye maporomoko ya maji na bembea kubwa zinazoning'inia chini ya matao, na watoto wana haki ya kuzifurahia. Wewe tumia asubuhi yako kwenye nyua za katikati, kabla mabasi ya shule hayajafika. Usipande juu ya masanamu na usiondoke na kipande, hata kile kilichokwisha kudondoka. Mpe mlinzi, kitafika kwenye beseni. Na usiishie kutazama nyuso. Zunguka nyuma, kwenye migongo na chini ya mikono, ambako Nek Chand hakutegemea mtu angetazama, ukaone kama utapata kigae kimoja alichokipachika ovyo. Mimi nilitafuta mpaka walinzi walipoanza kupuliza filimbi za kufunga, na sikukipata.